“It” inakaa wapi? Mwongozo wa vitenzi vya Kiingereza vinavyoachana na visivyoachana

Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba “turn off” ni kuzima na “look after” ni kutunza. Ameviandika vyote viwili daftarini, kimoja juu ya kingine, na maana zake pembeni. Siku ya kuvitumia anasema “turn off it”, kisha “look it after”, na sentensi zote mbili zinaharibika. Maneno anayajua. Asichokijua ni mahali ambapo “it” inakaa.

Vitenzi hivi, ambavyo darasani tunaviita phrasal verbs, huwa na maneno mawili au matatu: kitenzi chenyewe na kijineno kinachokifuata, kama up, off, for, after au out. Kiswahili hubadili maana ya kitenzi kwa kuongeza kiambishi mwishoni: funga, fungua, fungia. Kiingereza mara nyingi hufanya kazi hiyo kwa kijineno, na matokeo yake hayabashiriki kila mara. “Give” ni kutoa, lakini “give up” ni kuacha au kukata tamaa. Baadhi ya vitenzi hivi huruhusu neno jingine liingie kati ya kitenzi na kijineno chake. Hivyo nitaviita vinavyoachana. Vingine havikubali kitu katikati. Hivyo ni visivyoachana.

Karatasi za tuisheni zinazotolewa fotokopi kwenye steshenari za mitaani, kuanzia Mbagala hadi Tegeta hapa Dar es Salaam, huviorodhesha vitenzi hivi kwa mamia: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Orodha za namna hiyo zinachosha na zinasaidia kidogo sana, kwa sababu zinamwachia mwanafunzi swali gumu kuliko yote bila jibu. Ninachoshikilia mimi ni hiki: usiandike kitenzi cha aina hii hata kimoja bila kukiwekea “it” mahali pake. Ukishajifunza “turn it off” na “look after it” kama vipande vizima, kazi kubwa imekwisha. Hatua zinazofuata zinakuonyesha jinsi ya kupajua mahali penyewe.

Jambo hili lina uzito kwetu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Hapo hapo anakutana na “fill in the blanks”, “carry out an experiment”, “write down your answers”, na kwenye Historia, “account for”. Hayo ni maagizo ya mtihani. Asiyeyaelewa hupoteza alama katika somo analolijua vizuri.

Hatua ya kwanza: tafuta anayetendewa

Swali la kuachana au kutoachana huja pale tu sentensi inapokuwa na shamirisho, yaani kitu au mtu anayetendewa. Tuchukue vita vya Maji Maji, ambavyo kila mwanafunzi wa Historia atakutana navyo. “The Maji Maji war broke out in 1905.” Vita vilizuka, hakuna kilichozushwa na “broke out” ndani ya sentensi hiyo. Basi hakuna cha kuweka katikati, na huna la kuamua. Hali ni hiyo hiyo kwa “the bus broke down at Kimara”, “the children grew up in Temeke” na “the power went off”.

Angalia tu kwamba kitenzi kimoja kinaweza kuwa na sura mbili. “The plane took off” haina shamirisho: ndege iliruka. “He took off his shoes” inalo: alivua viatu, na viatu vinaweza kuingia katikati, “he took his shoes off”. Vivyo hivyo “I wake up at five” na “wake me up at five”. Kwa hiyo usiulize “take off” ni ya aina gani kwa ujumla. Uliza ni ya aina gani katika sentensi uliyo nayo mkononi.

Hatua ya pili: mpime kwa “it”

Hapa ndipo penye kiini cha somo zima. Kitenzi kinachoachana kina nafasi mbili kwa nomino lakini nafasi moja tu kwa kiwakilishi.

“Turn off the light” ni sahihi.
“Turn the light off” ni sahihi.
“Turn it off” ni sahihi.
“Turn off it” si sahihi kabisa.

Kisichoachana kina nafasi moja kwa vyote viwili, nayo iko mwishoni.

“Look after the baby” ni sahihi.
“Look after her” ni sahihi.
“Look the baby after” na “look her after” si sahihi.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu ya kuielewa kanuni hii haraka. Tunasema “zima taa”, nomino ikija baada ya kitenzi. Taa ikishajulikana tunasema “izime”: ile i- inaingia mbele ya mzizi na kuwa sehemu ya kitenzi chenyewe. Katika “niliizima” imejibana katikati kabisa, kati ya kiambishi cha wakati na mzizi. Yaani nomino inaweza kukaa nje, lakini kiwakilishi kinaingia ndani. “Turn it off” inafanya hivyo hivyo. Ukiwa na shaka mbele ya kitenzi kinachoachana, kumbuka “izime” na uingize “it” ndani.

Kanuni inahusu viwakilishi vyote vya namna hiyo: it, them, me, you, him, her, us. Anayepanda gari la mtu kutoka Mwenge atasema “drop me off at Posta”, wala si “drop off me”. Anayenunua shati Kariakoo na anataka kulijaribu atauliza “Can I try it on?” Aliyepewa fomu dirishani ataambiwa “Fill it in and bring it back”, vitenzi viwili vinavyoachana ndani ya sentensi moja. Na anayetafuta kitambulisho kilichopotea atasema “I am looking for it”, kwa kuwa “look for” haiachani.

Hatua ya tatu: kichunguze kijineno

Kipimo cha “it” kina ugumu wake. Aliyezaliwa na Kiingereza anasikia mara moja kwamba “turn off it” imekosea. Anayejifunza hana sikio hilo bado. Basi anza na kijineno, maana chenyewe kinatoa siri kuliko kitenzi. Kijineno kikiwa kihusishi, kimeshikamana na nomino inayofuata na hakiwezi kuruka nyuma yake. Kikiwa kielezi, ni mali ya kitenzi na kinaweza kusogea.

Vijineno at, for, from, of, to, with, into, against na after ni vihusishi karibu daima. Ukikuta kimoja kati ya hivi kimegusana na kitenzi, andika kwamba hakiachani bila kusitasita: look at it, ask for it, suffer from it, think of it, refer to it, deal with it, look into it, look after it. “Account for” imo humu. Swali la mtihani likisema “Account for the defeat of the Maji Maji fighters”, linataka utoe sababu za kushindwa kwao, na ukitumia kiwakilishi utasema “account for it”.

Away, back, out, apart, aside na together kwa kawaida ni vielezi. Pakiwa na shamirisho, vitenzi vyake huachana: throw it away, give it back, pay them back, work it out, find it out, put it aside. Hiki ni kikundi kizuri kuanza nacho kwa sababu hakina mitego mingi.

Kinachobaki ni vigeugeu: on, off, in, up, down, over, through, across, along, around, by. Vinaweza kuwa hivi au vile. Up na down huegemea sana upande wa kuachana: pick it up, write it down, look it up, put it down. On, off na in vinagawanyika. “Put it on” ni kuvaa na inaachana, lakini “get on it” ni kupanda basi na haiachani. “Turn it off” inaachana, “get off it”, yaani kushuka garini, haiachani.

Kwa vigeugeu kuna msaada mmoja ambao ningependa kila mwalimu aufundishe. Tazama kitenzi chenyewe: je, bila kijineno kinaweza kubeba shamirisho? “Go” na “come” haviwezi. Husemi “go it” wala “come it” kwa maana ya kwenda na kuja. Ndiyo maana “go over it”, “go through it” na “come across it” hazitenganishwi. Msaada huu una vighairi vyake, kama “think it over” na “talk it over”: zina kijineno kile kile cha over, na zinaachana ingawa husemi “talk it”. Mwalimu anapopitia insha ya mwanafunzi, “he goes over it”. Wazazi wanapojadiliana kuhusu ada, “they talk it over”.

Njia nyingine ni kuchomeka kielezi cha namna baada ya kitenzi. “He looked carefully into the matter” inakubalika. “She depends entirely on her brother” inakubalika. Lakini “he turned quickly off the light” haikubaliki. Itabidi useme “he quickly turned off the light”. Mahali ambapo kielezi kinaingia, “it” haiingii, na hapo una kitenzi kisichoachana. Usiogope kwamba mambo yanaonekana kupinduka. Kihusishi kimeishikilia nomino yake, kwa hiyo kitenzi kinabaki na nafasi wazi pembeni yake kwa kielezi tu.

Hatua ya nne: sikiliza mkazo

Katika vinavyoachana, kijineno hutamkwa kwa nguvu: turn it OFF, pick it UP, give it BACK. Katika visivyoachana vyenye kihusishi kifupi kama for, at, of au to, nguvu hukaa kwenye kitenzi: LOOK for it, LAUGH at it, THINK of it. Vihusishi virefu kama after, over na across huvuruga picha hii kwa sababu vina mkazo wao wenyewe, hivyo usivipime kwa sikio.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tabia hiyo hutuvuta tuseme “turn IT off”. Sema kwa sauti mara kadhaa, ukikaza neno la mwisho. Ulimi ukizoea kumalizia kwa nguvu kwenye off, “turn off it” itaanza kukukera yenyewe.

Hatua ya tano: shamirisho likiwa refu, liache mwishoni

Kwa nomino fupi chagua unavyopenda: “pick up the passengers” au “pick the passengers up”. Likirefuka, libaki nyuma. “Pick up the passengers who have been waiting at Kimara since morning” inasomeka vizuri. Ukiweka maneno yote hayo katikati, msikilizaji anasahau “pick” kabla hujafika kwenye “up”.

Shamirisho likiwa kitenzi chenye -ing nalo hubaki mwishoni: “give up smoking”, “put off paying the rent”. Likigeuka kiwakilishi linarudi katikati bila kujali urefu wa awali: “give it up”, “put it off”.

Kuna vichache ambavyo kwa kawaida hukaa vimetengana hata kwa nomino. “Tell apart” ni kutofautisha vitu vinavyofanana, na watu husema “I can’t tell the two keys apart”. Vya namna hii vishike jinsi vilivyo.

Hatua ya sita: vya maneno matatu

Hivi vinatisha kwa macho, lakini kwa suala letu ni vyepesi. Kijineno cha kwanza ni kielezi, cha pili ni kihusishi, na shamirisho kwa kawaida hukaa mwishoni. Put up with it. Run out of it. Catch up with them. Cut down on it. Look down on them. Nyumba ambayo LUKU imeisha: “We have run out of units.” Mwanafunzi aliyeugua malaria na kukosa vipindi: “I have to catch up with the class.”

Ninasimama kidogo kwa “look forward to”, kwa sababu imo katika barua nyingi za kuomba kazi zinazoandikwa hapa mjini, na mara nyingi inaandikwa vibaya. Watu huandika “I look forward to hear from you”. Sahihi ni “I look forward to hearing from you”. Kosa linaanzia kwetu: “natarajia kusikia” ina ku-, na ku- tumeizoea kuigeuza kuwa “to hear”. Lakini “to” ya hapa ni kihusishi, sehemu ya kitenzi chenye maneno matatu. Baada yake huja nomino au kitu kinachosimama kama nomino. Pima kwa “it” tena: “I look forward to it” ni sentensi kamili. Panapokaa “it” ndipo panapokaa “hearing from you”. Mwajiri anayesoma barua hamsini kwa siku huliona kosa hili mapema, tena liko mstari wa mwisho, mahali ambapo ungetaka akukumbuke kwa wema.

Vichache vya maneno matatu hubeba mashamirisho mawili. “Fill me in on the meeting” ni ombi la kuelezwa yaliyojadiliwa mkutanoni. “Me” imeingia kati ya fill na in, na mkutano umekaa baada ya on. Kwa viwakilishi vitupu: “Fill me in on it.”

Hatua ya saba: jihadhari na pacha

Vipo vitenzi ambavyo herufi zake ni zile zile, lakini nafasi ya kiwakilishi inabadili maana yote. Hapa kosa la mpangilio halikufanyi tu uonekane mgeni wa lugha. Linakufanya useme jambo jingine.

“He turned it on” maana yake aliiwasha. “The dog turned on him” maana yake mbwa alimgeukia na kumshambulia.

“She saw it through” maana yake aliifanya kazi hadi ikaisha, hata ilipokuwa ngumu. “She saw through it” maana yake aliutambua ujanja uliofichwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeletewa mzigo feki na kugundua mapema, “he saw through it”. Aliyejenga nyumba kidogo kidogo Chanika mpaka akahamia, “he saw it through”.

“I looked it up” maana yake niliitafuta kwenye kamusi au kwenye simu. “I looked up it”, kama “it” ni barabara au ngazi, maana yake nilitupa macho kuelekea juu yake.

“Get over it” ni kupona au kusahau machungu. “Get it over with” ni kulimaliza jambo usilolipenda ili liishe, kama sindano ya hospitali.

Jozi hizi zinafaa kuandikwa pamoja daftarini, bega kwa bega, kila moja na sentensi yake. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika somo hili, kwa sababu mwanafunzi aliyekuwa anaona kanuni kama adhabu anaona sasa kwamba nafasi ya neno dogo inabeba maana.

Kijineno hakidondoki, wala hakiongezwi

Sentensi ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, kijineno hubaki. “The meeting was called off.” “The children were well looked after.” “The complaint will be dealt with.” Wengi huishia kwenye “will be dealt”, kwa kuona “with” haina kinachoifuata. Iache hapo hapo ilipo.

Kiingereza cha mjini kwetu kina mazoea mengine ambayo ni vizuri kuyajua ukienda kwenye usaili au mtihani. Tunasema “I will pick you at the airport”, wakati mtihani unataka “I will pick you up”. Tunasema “I am dropping at Morocco” kwa maana ya kushuka kituo cha Morocco. Sahihi ni “I am getting off at Morocco”, na ukimwomba dereva, “drop me off at Morocco”. Tunasema “fill the form”, ilhali “fill” peke yake ni kujaza ndoo au chupa; fomu ni “fill in the form”, au kwa Wamarekani “fill out the form”. Upande wa pili tunaongeza visivyotakiwa. “Cope up with” haina haja ya up. Ni “cope with it”. “Discuss about” haina haja ya about. Ni “discuss it”. Na “result into”, ambayo utaisikia hata kwenye hotuba rasmi, ni “result in”: “The heavy rains resulted in floods at Jangwani.”

Kwa maoni yangu, msahihishaji asimcheke anayesema “pick me at Ubungo” katika mazungumzo ya kawaida; anaeleweka na wote walio karibu naye. Ila mwanafunzi ana haki ya kujua umbo ambalo msahihishaji wa mtihani na mteja wa nje wanalitarajia.

Hatua ya nane: daftari na kamusi

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni au mkobani. Kila kitenzi kiandike mara moja tu, kikiwa na “it”, na chini yake sentensi ya maisha yako. Usiandike “put off, kuahirisha”. Andika “put it off”, kisha “The landlord wants the rent today, I can’t put it off.” Usiandike “deal with, kushughulikia”. Andika “deal with it”, kisha sentensi. Vitenzi vitano kwa wiki vinatosha kabisa. Ishirini vya siku moja vitachanganyika.

Kamusi za wanafunzi hukupa jibu bila maelezo marefu, ukijua pa kutazama. Ukikuta “look after somebody”, neno la mtu limekaa mwishoni, hivyo haiachani. Ukikuta “tell A and B apart”, vitu vimekaa katikati. Baadhi ya kamusi huweka mshale wenye ncha mbili ↔ kati ya shamirisho na kijineno. Mshale huo unasema nomino inaweza kukaa upande wowote. Mwanafunzi mwenye kamusi kwenye simu anaweza kuitazama akiwa kwenye foleni ya mwendokasi, na dakika chache hizo zinatosha kwa kitenzi kimoja.

Kama una mwenzako wa kufanya naye mazoezi, mmoja ataje sentensi yenye nomino, mwingine aijibu kwa kiwakilishi papo hapo. “Switch on the fan.” “Switch it on.” “Wait for the ferry.” “Wait for it.” “Give back my pen.” “Give it back.” Mzazi asiyejua Kiingereza sana naye anaweza kumsimamia mtoto: ashike daftari, asome nusu ya kwanza, na asikilize kama mtoto anarudisha kilichoandikwa.

Zoezi: ukurasa mmoja wa historia

Badilisha shamirisho la kila sentensi liwe kiwakilishi. Habari zenyewe ni za Maji Maji, ili ujifunze mawili kwa pamoja.

1. Kinjikitile Ngwale gave out the sacred water at Ngarambe.
2. The people could not put up with the forced work in the cotton fields.
3. From Dar es Salaam, the German government asked for more soldiers.
4. The soldiers burnt down the villages.
5. Governor Götzen carried out a scorched-earth policy.
6. By 1907 the Germans had put down the uprising.
7. After that war, the survivors had to go through a terrible famine.
8. In 1916 the British took over Dar es Salaam.

Majibu. Ya kwanza ni “gave it out”, out ikiwa kielezi. Ya pili “put up with it”, maneno matatu. Ya tatu “asked for them”. For haikubali kuachwa, na ukisema “asked them for” msikilizaji atangoja umalizie, kwani hapo umewaomba askari kitu badala ya kuwaomba wao. Ya nne “burnt them down”. Ya tano “carried it out”. Ya sita “put it down”. Ya saba “go through it”, kwa sababu go haibebi shamirisho peke yake. Ya nane “took it over”, na ukiandika “took over it” utakuwa umerudi kwenye “turn off it”. Ukikosa mbili au zaidi, rudi hatua ya tatu, kisha andika sentensi nane zako mwenyewe kutoka sura nyingine ya kitabu chako cha Historia na uzifanyie hivyo hivyo.